Kiti cha Mufadhili

Jamani, musikie aibu yangu! Miye niko sekretere wa kandida moja mwenye anagombea udepite, ubunge wa provense, hapa Butembo. Camion zote tatu za kubeba batu kwa kampanye zilitoka kwa mufadhili wa Kirumba, mutu sijamuona hata siku moja. Kandida aliniambia tu: "Umupokee muzuri."

Siku ya kumushukuru, camion ikafika. Papa wa koti na kofia akashuka, na mama wa kikwembe. Papa nikamukalisha kwa kiti kikubwa, mbele. Kwetu mama mugeni akifika kwa karamu, anasaidia kwa jiko. Donc nikamuambia: "Mama, benzako bako kule, viazi ni mingi." Akanitazama, akaenda.

Nikakamata mikro, nikamusifu papa mpaka jasho. "Mufadhili wetu, simama!"

Hakusimama.

"Hapana, mwana wangu," akasema pole. "Miye niko chauffeur tu, naendesha. Mwenye camion ulimutuma kumenya viazi."

Mama akatoka jikoni, akaweka kisu juu ya karatasi ya hotuba yangu.

"Sekretere, viazi yangu nimemaliza. Yenye inabakia ni yako."