Doa la Almasi ya Baba

Nakumbuka asubuhi moja ya enzi ya Mjerumani, mwanangu, reli ikiwa bado ngeni hapa Dodoma, nasi tukikimbilia stesheni kuitazama gari moshi kama watu waendao ngomani. Mama mmoja wa Kizungu alitoa mkono dirishani, na kidoleni mwake kitu kikameta. Mwanga ulitoka pale vipande vipande, mwekundu, buluu, kijani, mpaka nikasahau kufunga mdomo. Kabla sijafika nyumbani nilikuwa nimeshaota yote: dada yangu Nyemo, aliyekuwa ameposwa, ataolewa na pete kama ile.

Usicheke. Jiwe tulikuwa nalo. Marehemu baba alibeba mizigo ya misafara hadi Usukumani, na huko aliokota almasi kwenye changarawe za kijito, akaja nayo ndani ya kibuyu chake cha ugoro. Ilikuwa kubwa kama punje ya mahindi, ina ukungu kidogo, na katikati yake doa jeusi mfano wa mbegu ya ufuta. Ndicho kitu pekee alichotuachia ambacho ukame haukukiua. Mama alinikabidhi, akasema, "Mpelekee sonara, amtengenezee Nyemo pete." Hakuongeza neno. Mengine nikajiongezea mimi.

Sonara alikuwa mzee wa Kihindi, Bwana Karim. Alikuwa na gurudumu la chuma alilolizungusha kwa mguu, limepakwa mafuta na unga wa almasi, maana almasi haikatwi ila na almasi mwenzake. Nikamwambia, "Ondoa hilo doa, Bwana fundi, halafu likate nyuso nyingi, limetamete."

Akacheka mpaka miwani ikateleza. "Kijana, wewe unataka almasi au unataka kioo?"

Akanitolea mawe mawili meupe ya vilimani kwetu aliyojifunzia kazi, yote yana doa ndani. La kwanza lilikatwa nyuso nyingi, likachongoka chini. Nikachungulia. Doa moja lilikuwa manane! Kila uso ulilirushia mwenzake, kama nzi waliozingira maziwa. La pili lilikuwa bapa chini, juu limeinuka kidogo kwa nyuso chache za pembetatu. Humo doa lilikuwa moja tu, limetulia.

"Mkato wa kwanza unataka jiwe safi," akasema. "Nikiondoa doa, nusu ya jiwe itakwenda nalo, na huenda likapasuka. Jiwe lenye kitu ndani lipe mkato wa pili. Huo ni dirisha."

"Liondoe, ukate mkato wa kwanza," nikasema. Mchagua nazi hupata koroma, husema watu wa pwani. Sisi Wagogo nazi hatuna, lakini koroma nililipata.

Kesho yake nikajisifu kwa mama kwamba doa linaondolewa, naye akauacha mchi ndani ya kinu. Alishika njia ya mjini, nami mbio nyuma yake. Tulipofika gurudumu lilikuwa linalia.

"Mbukwa, fundi," akamsalimu Kigogo. "Simamisha." Kisha akanigeukia. "Yule ng'ombe wa baba yako alipochanganyika na kundi la ng'ombe wa watu kule Buigiri, ulimtambuaje?"

"Kwa doa la pajini, mama."

"Na angekuwa mweupe mtupu?"

Nikageuka kulitazama jiwe pale gurudumuni.

"Baba yako kila akifungua kile kibuyu alinionyesha hilo doa. 'Huyu ni mimi,' akiniambia, 'nimo katikati ya mbuga, narudi nyumbani.' Leo wewe unataka kumsaga baba yako awe unga?"

Mwanangu, kuna maneno hayapigi kelele lakini huingia mfupani. Bwana Karim akaliinua jiwe. Ukingo mmoja ulikuwa umeshalika, ila doa lilikuwa salama. Akalikata upya, bapa chini, nyuso chache juu, kazi ya siku nyingi.

Siku ya kulichukua, mama aliliinua kuelekea jua. Akanipa. Nikaona ukungu umetanda kama vumbi la kiangazi, mwanga umelala ndani yake, na katikati mtu mmoja mdogo, mweusi, amesimama. Ulimwengu mzima ndani ya punje ya mahindi, na baba yumo, anarudi nyumbani.

Nyemo aliolewa na pete ile, na leo i kidoleni mwa mjukuu wake. Itazame vizuri siku ukimwona: upande mmoja ni mfupi. Doa aliliweka Mungu, na mama alilipenda. Ule upungufu wa pembeni niliuweka mimi, kwa kutaka kutengeneza kisichokuwa kimeharibika.

Basi sikia, mwanangu. Ukipewa kitu, au mtu, mwenye doa, usikimbilie gurudumu. Uliza kwanza doa hilo ni la nani. Kisha tafuta namna ya kumtazama itakayomwonyesha alivyo, maana kilema cha mtu, ukikikosea mkato, hugeuka vilema vinane machoni pako.

Mungu akupe macho ya kustaajabu na mkono usio na pupa. Na wanaokupenda wakutambue kwa doa lako, hata katikati ya kundi.