Ufunguo wa Kopo la Vipimo

Mke wangu hupima mishipa ya moyo ya watu asiowajua hata kwa sura. Hospitalini kwao daktari hupenyeza ndani ya mshipa waya mwembamba wenye kamera, picha zinatoka mamia kwa mgonjwa mmoja, naye hukaa mbele ya kompyuta akiizungushia kila picha mstari ili ijulikane mafuta yameganda kiasi gani. Akimaliza, anarudia zote upya. Majibu ya kwanza huyafungia kwenye kopo la chuma lenye kufuli, na ufunguo nakaa nao mimi, asije akachungulia anaporudia. Wenzake humwita Mama Mara Mbili. Mimi ni fundi cherehani na mara nyingine nakata kitambaa kwa kukisia tu, basi ananiona jambazi.

Kwa miaka kumi na miwili amekuwa akirudi nyumbani mimi na binti yetu tumeshakula. Ndipo daktari wake alipokuja na wazo: apime picha moja tu katika kila tano. Majibu yakilingana na yale ya koponi, kazi itakuwa inakwisha saa tisa. Niliomba yalingane, sioni haya kusema. Yeye alinuna wiki nzima.

Hata hivyo akaanza kuwapima wagonjwa wale wale kwa njia hiyo fupi. Alipobakiza mmoja, akanijia na sauti ya upole ambayo siizoei.

"Mume wangu, nipe ufunguo nichungulie kidogo."

"Wewe huyuhuyu?"

"Naogopa, mwenzangu."

Nilimwonea huruma sana, lakini ufunguo nikaudidimiza mfukoni. "Thubutu! Ukishachungulia, lawama zote utanitupia mimi."

Kesho yake asubuhi nikampelekea daktari wake ufunguo, alifungue kopo yeye mgonjwa wa mwisho akishapimwa. Saa kumi jioni, mlango wa nyumbani ukafunguliwa. Nikaruka na mkasi mkononi.

"Wamekufukuza?"

"Yamelingana," akasema. Akaketi juu ya vitambaa vyangu, akaangua kilio. "Miaka kumi na miwili nimechelewa bure!"

"Bure wapi? Bila vipimo vyako virefu, hivi vifupi wangevilinganisha na nini?"

Akanitazama, akapangusa machozi kwa suruali ya mteja. Mara binti yetu akaingia kutoka shule. Kumwona mama yake nyumbani na jua bado linawaka, akatupa mkoba, akamrukia shingoni.

"Mama! Utakuwa unarudi saa hizi kila siku?"

"Usishangilie mapema," mke wangu akamwambia, huku amemkumbatia kwa nguvu. "Leo ni mara ya kwanza tu. Nikirudi saa hizi na kesho, hapo ndipo tutaamini."