Taa za Sanduku la Kapteni

Miaka ile ya utawala wa kijeshi, mjini Koboko, hata mtoto alijua: mbele ya mwanajeshi kitu hakisifiwi. Ukisifu baiskeli ya jirani leo, kesho jirani anatembea kwa miguu. Tahiru, fundi wa taa, aliyajua hayo kuliko wengi, na bado mdomo ukaponza kichwa. Tena kichwa chenyewe hakikuwa chake.

Alikuwa Mnubi mpole, mwenye majivuno mahali pamoja tu: kazi ya mikono yake. Binti yake wa pekee, Hawah, alikuwa ameolewa Lobule, na mimba yake ya kwanza ilikuwa ya taabu, miguu imevimba, uso umepauka. Baba mtu alijituliza kwa jambo moja. Lobule kulikuwa na nyumba ya wazazi ya wamishonari, ya kujifungulia, na mkunga wake, Celestina, mkimbizi kutoka Sudan, alizalisha chini ya taa za tyubu alizozifunga Tahiru mwenyewe.

Basi Kapteni Jale akarudi kutoka Mombasa na sanduku la kioo. Ndani mlikuwa na maji ya bahari, samaki wawili wa rangi ya chungwa, na matumbawe, yale mawe ya baharini yenye uhai. Watu wa Koboko, ambao hata chumvi ya mboga waliipata kwa magendo, walichungulia dirishani wakisukumana. Kapteni akamwita fundi.

"Hii mawe bila mwanga inakufa," alisema. "Nataka taa muzuri, ya bei chini. Na wewe utaangalia. Ikikufa, tutaonana."

Siku zile "tutaonana" halikuwa neno la kuagana.

Tahiru alianza na balbu. Kufika adhuhuri maji yalikuwa vuguvugu na samaki wanahema juu juu, akaiondoa mbio. Akaleta karabai, harufu ya mafuta ya taa ikajaa sebuleni na utando ukatanda juu ya maji. Kapteni alichovya kidole majini, akakinusa, kisha akamtazama Tahiru.

"Tyubu, afande," akasema. "Iko baridi, iko nyeupe, inakula umeme kidogo."

"Dukani iko?"

"Haiko." Tangu Wahindi wafukuzwe, maduka yalikuwa rafu tupu.

Hapo angefunga kinywa chake, mambo yangeishia hapo! Lakini Kapteni alicheka. "Wewe fundi gani? Tyubu yenyewe hujashika."

"Nimeshika, afande! Zile za wazazi, Lobule, nani alifunga? Mimi. Mpaka leo haijazima hata moja."

Maji yakimwagika hayazoleki. Kapteni aliinuka akachukua kofia yake.

"Hiyo ndiyo bei chini," akasema. "Twende."

Huko Lobule Tahiru alizifungua tyubu kwa mikono ile ile iliyozifunga, askari wamesimama mlangoni, Celestina amejibanza ukutani.

"Baba Hawah," mkunga alisema polepole, "mtoto yako iko karibu kuzaa."

"Najua," alijibu, na hakuthubutu kumtazama. Moyoni alijiapia kwamba kesho atakwenda Arua, atafute nyingine hata kwa kuomba. Lakini Kapteni hakumpa ruhusa ya kutoka uani. Alitaka fundi abaki mpaka mawe yazoee.

Na mawe yalizoea, yalaaniwe! Yalifumbuka chini ya ule mwanga mweupe, samaki wakacheza, maofisa wakaja na wake zao kuangalia. Kapteni akampiga Tahiru begani mbele ya wageni, akamwita fundi wa mafundi. Tahiru alicheka nao, jasho likimtiririka mgongoni.

Jioni moja mkwewe Umaru, mume wa Hawah, akafika kwa baiskeli, hana pumzi. Hawah alikuwa na uchungu tangu alfajiri. Kapteni alikuwa na furaha siku hiyo, akawaruhusu.

Walipofika Lobule giza lilikuwa limeingia. Chumba cha wazazi kilikuwa na koroboi moja tu, inayumbayumba kwa upepo. Celestina alitoka na kichanga ndani ya kanga, kinalia kwa nguvu, akakiweka mikononi mwa babu yake. Mikono ya mkunga ilikuwa na damu mpaka kwenye viwiko, na nyuma yake, kitandani, Hawah alikuwa amefunikwa shuka mpaka usoni.

"Damu ilikuwa inatoka, baba Hawah," alisema. "Nilitafuta na vidole. Sikuona inatoka wapi."