Jina Alilovaa Baba Siku ya Wajumbe

Sisi tuliokulia Thika wakati maziwa ya shule yalikuja kwa pakiti za pembe tatu, tulijua saa bila kuvaa saa. King'ora cha kiwanda cha nguo kikilia asubuhi, baba zetu wako kazini na sisi tunakimbia shuleni na masweta yaliyotoboka viwiko. Upepo ukitoka upande wa mashamba ya mananasi, mji mzima ulinukia kama mtu amefungua mkebe wa jemu. Jioni tulicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, kwa mpira wa karatasi za plastiki hadi mama aite mara tatu, na ile ya tatu alitumia jina lako la ubatizo, ukajua umekwisha. Watoto wa siku hizi huitwa kula kwa simu, nao wako chumba cha pili.

Nayakumbuka haya kwa sababu wiki hii kingo za barabara zinapakwa rangi nyeupe na nyeusi. Chama fulani kinaleta mkutano wake mkuu wa kitaifa hapa kwetu. Akina mama mboga wanaouza kando ya barabara wameambiwa wasogee. Mashimo tuliyoyaruka miaka miwili yamezibwa, lakini kutoka barabara kuu hadi lango la ukumbi tu. Ukipinda kuelekea kwetu, shimo ni lile lile. Watu wanasema Thika imeheshimiwa. Mimi nikiona rangi mbichi naangalia nyuma ya ukuta. Nilifunzwa na mkutano mwingine kama huu, nikiwa darasa la nne.

Chama cha mkutano ule kilikufa zamani, hata jina lake hakuna anayelitaja. Lakini wakati huo tuliacha hesabu wiki mbili nzima tukifanya mazoezi ya wimbo wa kukaribisha wajumbe. "Meno yaonekane!" mwalimu alitufokea, kiboko mkononi.

Siku mbili kabla ya mkutano, jirani yetu Baba Kamau, aliyekuwa na cheo katika chama, alikuja nyumbani na beji ya mjumbe. Yeye ndiye aliyemtafutia baba yangu kazi ya ufundi kiwandani, kwa hivyo kumkatalia hakukuwa rahisi.

"Wajumbe wa kaskazini hawatafika, barabara imeharibika," alisema. "Viti haviwezi kukaa bure. Wewe utakaa tu, na lanchi ipo. Wakiinua mkono, nawe inua."

Mama aliichukua ile beji, akaisoma karibu na dirisha. "Ekai ni nani?"

"Hilo ni jina tu, Mama Njoki."

"Haiya! Jina tu? Na mwenyewe akija, yeye ataitwa nani?"

Baba alisema ni siku moja tu. Mama alirudisha beji mezani.

Siku yenyewe tulipangwa pande zote mbili za lango, jua likituchoma utosini. Baba alipita mbele yangu na suti yake ya harusi, beji kifuani, macho yakitazama mbele kama hanijui. Mkutano ulikuwa umeendelea kwa muda nilipomwona mzee mmoja akija kwa miguu, vumbi hadi kwenye nyusi, barua ameishika ndani ya karatasi ya plastiki.

"Mimi ni Ekai," alimwambia karani wa langoni. "Mimi ni mjumbe. Nimetoka nyumbani juzi."

Karani aliteremsha kidole kwenye orodha. "Ekai ameshaingia."

"Ameingia aje, na mimi niko hapa?"

Watu waliangua kicheko. Sisi watoto pia tulicheka. Kisha nikamkumbuka mama akiwa dirishani na beji, nikaacha kucheka.

Tulipoitwa ndani kuimba, nilitoka kwenye mstari nikamwendea baba pale alipokaa. "Baba," nikamnong'oneza, "Ekai amekuja."

Uso wake ulilowa jasho papo hapo. Mwenyekiti alikuwa bado anahutubia. Baba alisimama, akawapita watu magotini, akatoka. Nilimfuata. Kule langoni aliitoa beji na kumpa yule mzee kwa mikono miwili. "Hii ni yako, mzee. Nisamehe."

Mzee aliitazama. "Umeniinulia mkono kwa jambo gani?"

"Sijui," baba alisema. "Nilikuwa nawaangalia walioko mbele."

Karani alipiga kelele, askari wakaja, baba na yule mzee wakafukuzwa. Mzee tukamleta nyumbani. Mama alimpa chai na githeri, wala hakumwambia baba kwamba alimwonya. Saa kumi redio ikatangaza kuwa wajumbe wote, kutoka kila pembe ya nchi, wamekubaliana kwa sauti moja. Mzee alisikiliza hadi mwisho, akauliza stendi ya mabasi iko wapi, akaenda.

Baba aliondolewa kwenye mitambo akawekwa kubeba marobota. Baba Kamau hakutusalimu tena hadi tulipohamia Witeithie.

Juzi nilimsimulia binti yangu anayeishi Membley. Akaniuliza juu ya babu yake, "Mum, kwani Guka hangemaliza lanchi kwanza?" Nilicheka hadi machozi. Kisha akaniambia vijana kadhaa wa mtaa wao wamepewa kadi za wajumbe wa mkutano huu, na tayari wamezipiga picha wakazirusha mtandaoni. Nilimuuliza wanaenda kupitisha nini. Hakujua, nao hawakujua.

Hata zamani tulidanganywa, sitajifanya ilikuwa tofauti. Lakini baba yangu alibeba marobota miaka sita kwa sababu alishindwa kukaa kwenye kiti cha mtu aliyesimama juani. Leo nikipita pale ukumbini, naona viti vyeupe vimepangwa safu kwa safu, nami najiuliza kama mtu wa namna hiyo bado yuko.