Ngolo za Mama Mkwe na Picha ya Setilaiti

Mpaka leo nikipita Mkumbi nafunika uso kwa leso kama mtu mwenye mafua, lakini haisaidii, wananijua tu.

Ilikuwa miaka ile soko huria limeingia, wanunuzi binafsi wa kahawa wamejaa Mbinga, nami nimeajiriwa na kampuni ya kuchimba visima, nina buti, nina kofia ngumu, na nina mchumba wa hapo hapo Mkumbi, Skola, ambaye baba yake alikuwa hajakubali posa (alitaka kwanza aione kazi yangu). Basi tukapewa kazi ya kisima cha kijiji chao, na mimi ndiye wa kuonyesha pa kuchimba.

Kawaida picha ya setilaiti inatuonyesha eneo zima kwa mara moja, ila juu juu tu, kwa hiyo tunatoboa kitundu cha majaribio na kushusha kipimo kwa waya, kitusomee miamba tabaka kwa tabaka, ingawa pale pale penye kitundu tu. Kazi hiyo inakula siku nzima. Nami nikakuta sherehe ya maji imeshaandaliwa, kwaya imeshavaa sare nyeupe na nguruwe yuko motoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Haya, maji yako wapi?"

Mdomo ukaniponza. Nikakunjua picha, nikaweka kidole kwenye doa jeusi la mlimani, maana weusi mara nyingi ni unyevu, nikasema, "Hapa. Hata kitundu hakihitajiki." Fundi wa mtambo akanivuta shati, nikajifanya sisikii. Doa likaangukia shamba la mama mkwe, maharage yanatoa maua, naye akasema kwa upole, "Kama ni maji ya wote, piteni." Mtambo ukayalaza.

Tukachimba, likatoka vumbi, vumbi tupu, na upepo ukalipeleka kwa wanakwaya, ambao waliendelea kuimba (mwalimu wao mkali) mpaka wote, pamoja na nguruwe, wakawa rangi ya saruji. Ndipo tukashusha kipimo. Mwamba mkavu mpaka chini.

Nikakimbilia ng'ambo ya bonde, eti napima kitu. Kugeuka, naona doa langu lote, umbo lile lile: shamba la mama mkwe. Ngolo. Yale mashimo yetu Wamatengo ya kulimia mlimani, yanayoshika maji ya mvua, na picha ilipigwa wakati wa mvua. Nami ni mzaliwa wa Matiri, Mbinga hii hii, nimekuzwa kwa maharage ya ngolo.

Nikarudi, nikakiri mbele ya watu. Baba mkwe akafuta vumbi kwenye nyusi, akanipa jembe.

"Posa tutaizungumza. Kwanza mrudishie mama yako ngolo zake."

Nikazirudisha, hata kufukia kwa udongo nyasi zinazopangwa kuzunguka mashimo, kazi ambayo kwetu ni ya wanawake, huku wanakwaya wakipita wananiimbia. Maji tuliyapata bondeni, baada ya kitundu na waya, na Skola nikapewa. Siku hizi picha naisikiliza kwa adabu, ila sisemi neno mpaka waya ushuke.

Mama mkwe naye, kila akinipakulia maharage, huuliza, "Baba, umeshayapima?"