Mvua za Matinyani na Mvua za Tseikuru

Mume wa binti yangu anafanya kazi na kompyuta kule mjini Wote. Krismasi moja alikuja akajisifu kwamba amepewa kutunza programu ya kugeuza tarehe. Unaipa tarehe ya Waislamu, inakupa ile ya kalenda ya ukutani. Unaipa saa ya Nairobi, inakupa ya Ulaya. Nikamwuliza, "Na inajua mwaka ambao mvua ya Machi ilikosa Tseikuru?"

Akacheka. Mimi sikucheka. Niliingia ndani nikamtolea daftari langu, lile lenye jalada la ngozi ya mbuzi. Hiyo kazi yake mimi niliianza kabla hajazaliwa, na darasa la tatu sikufika.

Ilianza nilipoenda kuchukua kipande, yaani kitambulisho, miaka ya sitini. Karani aliniuliza nilizaliwa lini. Nikamwambia mama anasema nimekula mvua thelathini na moja. "Fungua mdomo," akasema. Akaangalia meno yangu, akaandika mwaka. Kama mbuzi sokoni! Nilirudi nyumbani na hasira, nikanunua daftari.

Kwetu mvua ni mbili kwa mwaka, ya Machi na ya Oktoba, na akina mama wa zamani walihesabu umri wa mtoto kwa mvua. Asiyejua atachukua hesabu hiyo aigawanye kwa mbili. Huyo atapotea. Mvua iliyokosa haihesabiwi, maana hakuna aliyeila. Kwa hiyo ni lazima ujue ni zipi zilinyesha zikaivisha chakula, na ni zipi zilidanganya. Nilizunguka kwa wazee wa Matinyani, nyumba kwa nyumba, nikiuliza mwaka baada ya mwaka. Iliyoliwa niliwekea alama, iliyokosa niliacha wazi. Na kila msimu ulioisha niliongeza wangu. Nilipopata mashine ya kusaga, kwa jasho la kuuza maji yaliyobebwa na punda miaka sita, watu walikuja na mahindi kichwani na umri wa watoto wao mdomoni. Niliwapa vyote viwili, unga na mwaka. Hata karani wa kambi ya chifu aliacha kuangalia meno. Alisema, "Leta karatasi ya mzee wa mashine."

Sasa mke wangu ni wa Tseikuru, kule juu kwa wafugaji. Miaka ya themanini ikianza, wanawake nao wakiwa wameanza kuchukua vitambulisho, mdogo wake alikuja kukaa kwetu. Kanisa lilikuwa limempa kazi ya kufundisha watoto wa nasari, lakini walitaka kitambulisho, au angalau ile karatasi ya kukingojea, kabla ya shule kufunguliwa Jumatatu ya pili. Asipoleta, kuna mwingine anangoja. Na kitambulisho ni miaka kumi na nane.

"Mama alisema umekula mvua ngapi?" nikamwuliza.

"Ishirini na tisa, shemeji."

Nikafungua daftari, nikarudi nyuma nikihesabu alama. Alama ya ishirini na tisa iliangukia miaka kumi na sita nyuma. Nikaandika hivyo, na karani akamrudisha nyumbani.

Msichana hakulia. Aliketi jikoni akichambua maharagwe yaliyokwisha kuchambuliwa. Mke wangu ndiye alikuja kwenye mashine, akaizima mwenyewe, watu wakiwa kwenye foleni.

"Mzee, mimi nilimbeba huyo mtoto mgongoni. Hana kumi na sita."

"Daftari halidanganyi."

"Daftari lako linajua mvua ya Matinyani. Sisi mvua yenu tulikuwa tunaiona kwa mbali, ikimulika tu."

"Nyamaza, wewe ni mtoto. Nilikula mvua nyingi kabla hujazaliwa."

Alinitazama kwa namna sikuielewa wakati huo. Akasema, "Sawa. Twende kwa mama, ukaambiwe."

Tukapanda lori lililokuwa linaenda kuchukua mbuzi. Mila yetu hairuhusu mtu kuketi macho kwa macho na mama mkwe wake, kwa hiyo mimi nilikaa nje kwenye kigoda, daftari magotini, yeye akiwa ndani ya nyumba. Mke wangu alisimama mlangoni kupitisha maneno, ingawa sote tulisikia.

"Mwambie huyo mtu," sauti ikasema, "mwaka alipozaliwa huyu wa mwisho tulivuna mtama wa Oktoba. Ya Machi, hakuna. Mwaka uliofuata, ya Machi hakuna, ya Oktoba kidogo, weka. Uliofuata haupo."

"Mwulize haupo namna gani," nikasema.

"Mwambie tulikula ngozi za kulalia. Mwaka wa kula ngozi, nani anauhesabu?"

Nikaandika. Tulikwenda hivyo mwaka kwa mwaka mpaka ule tuliokuwamo, kisha akarudi nyuma hadi watoto wake wa kwanza. Ukurasa mzima ulikuwa na mapengo kama mdomo wa mzee. Mvua ishirini na tisa za Tseikuru zilikuwa miaka ishirini kamili. Mimi niliyemkasirikia karani wa meno nilikuwa nimempima mtu wa kule kwa mvua za kwetu.

"Amemaliza kuandika?" sauti ikauliza.

"Amemaliza, mama. Ameweka kalamu chini."

"Mpe maziwa."

Ijumaa tulisimama kambini, mimi na shemeji yangu. Kusema nimekosea ni kitu sijazoea. Nikakisema kwa nguvu ili nisikirudie: "Karani, karatasi ile ilikuwa na makosa. Makosa ni yangu, si ya msichana." Foleni nzima ikageuka. Mmoja akasema, "Hata mashine huharibika!" Wakacheka mpaka karani. Lakini alisoma hesabu mpya mstari kwa mstari, akapiga muhuri. Jumatatu shemeji yangu alikuwa mbele ya watoto, na alifundisha hapo mpaka watoto wa watoto hao wakaja.

Jioni ya siku ile ya muhuri nilikaa kurekebisha daftari. Kila ukurasa niliupiga mstari katikati: kushoto Matinyani, kulia Tseikuru. Baadaye watu wa Makueni nao walidai safu yao, nikawapa. Lakini jioni ile, nilipofika kwa hesabu ya mke wangu mwenyewe, ambayo niliifanya zamani kwa mvua za kwetu, nikaihesabu upya. Nikahesabu tena. Nikafunga daftari.

"Mbona umefunga?" akauliza, akiwa anasonga ugali.

"Macho yamechoka."

"Nimekuzidi miaka miwili, au mitatu?"

"Miwili," nikasema. "Ulijua?"

"Tangu siku ulipoleta mbuzi za mahari. Mama alinikataza kusema."

"Kwa nini?"

"Ungeenda kutafuta mdogo." Akaweka sahani mbele yangu, nyama nyingi upande wangu kama kawaida. "Andika, Mzee. Jumatatu na mimi naenda kwa karani. Na usiniite mtoto tena."

Nikaandika.