Nilimwagia jiwe maji

Jamani, leo nimetambika bila kujua.

Mnajua niko huku Geita nachora ramani ya miamba. Dereva ananishusha bondeni asubuhi, ananifuata jioni. Katikati hapo naongea na mawe. Msicheke.

Leo nimekuta jiwe la kijani lililovimbavimba, kama mito ya kulalia iliyorundikwa. Hiyo ni lava iliyogandia chini ya bahari, kisha joto la ardhini likaigeuza.

Bahari, huku kwa wafuga ng'ombe!

Nikalimwagia maji ili rangi ionekane, ndivyo tunavyofanya. Nikapiga magoti, nikalihoji kwa sauti: "Wewe umefikaje huku? Mbona mbali hivi na kwenu?"

Kugeuka, mama mmoja yuko nyuma yangu. Mzigo wa kuni ameutua, ndala amevua, kichwa ameinamisha.

Ananisubiri nimalize!

Aibu niliyoona, acheni tu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Wamekujibu?"

Nikataka kumweleza habari za lava. Nikaghairi.

"Bado, mama."

Akalitazama jiwe lililolowa, akanitazama mimi.

"Hawa ni wazee wa huku, hawakujui. Kawaite wa kwenu, ndio watakaokuitikia."

Nikamtwisha kuni zake, akaenda.

Sasa niko kambini, nimeazima kompyuta ya ofisi kabla jenereta haijazimwa, nawatumia nyote barua pepe hii kwa mpigo.

Wa kwetu ni ninyi.

Haya, nimeita. Itikieni.